Mvua Ndani ya Kabati

Nyumbani, 9 Januari

Mdogo wangu Mwalimu,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza nikugombeze. Mwezi uliopita nilikuandikia kukuuliza kuhusu chuo chenu, nawe ukanijibu ukurasa mzima wa mafua yako. Mafua ya mtu mwenye ndevu mimi niyafanyie nini? Simu yangu ilizama kwenye beseni la mashuka, na wanafunzi wenu hawaruhusiwi simu, kwa hiyo tutaandikiana tu. Afadhali pia, maana kwenye barua mtu hawezi kujifanya hasikii. Binti yangu amechaguliwa. Anakuja kwenu kusoma ufundi, na wewe utamfundisha.

Unamjua. Jina la Chokochoko hatukumpa bure. Ndiye aliyeichokonoa pasi yangu ya mkaa akitaka kuona joto linalala wapi, sketi ya mteja ikaungua, nikatukanwa mimi. Lakini sasa utundu wake umezaa kitu.

Mvua zikianza, kamba zangu hazikaushi hata leso. Mashuka ya nyumba ya wageni ndiyo yanayotulisha, na mwenye nyumba kashaniambia waziwazi: yakirudi tena yananuka uvundo, atampa dobi mwingine. Basi Chokochoko akalitoa nje lile kabati la marehemu baba, akalisogeza karibu na jiko langu la kuchemshia maji, akatoboa ubavu, akapitisha bomba la bati. Moshi hauingii, linaingia joto tupu. Nikatundika mashuka ndani nikafunga mlango. Mwalimu, nilipofungua yalikuwa yanafuka mvuke kama chungu! Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Tatizo ni kwamba maji yanayotoka kwenye nguo yanapanda, yanagota dari ya kabati, kisha yanadondokea nguo zilezile. Inanyesha humo ndani, nakwambia. Akatoboa juu, joto lote likakimbilia huko, nguo zikabaki baridi. Akaziba. Hapo ndipo alipokwama, anakaa mbele ya kabati kama anasubiri limjibu.

Mimi nimeona kichwa hiki kimefika mwisho wa njia ya nyumbani. Kilichobaki kimo kwenye vitabu vyenu. Mpe, arudi alimalize, kabla mvua hazijanimaliza mimi.

Salamu zenyewe ndizo hizi: pole na mafua.

Dada yako,
Dobi


Chuoni, 17 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mafua yamepona, asante kwa kutouliza.

Naomba nikuombe jambo, na usinikatize kabla sijamaliza. Mwache mtoto nyumbani mwaka mmoja. Alimalize kabati kwanza, ndipo aje.

Sisemi chuo ni kibaya. Tuna karakana ndefu yenye mashine mpya. Zimefunikwa nailoni, na ufunguo anao mtunza stoo, ambaye anaogopa zisije zikachakaa. Kwa hiyo wanafunzi wanazichora. Wapo waliotoka hapa na alama za juu kabisa, wamezichora vizuri kuliko zilivyo, na hawajawahi kuzisikia zikinguruma. Mimi nafundisha kwa daftari nililoandikishwa na mwalimu wangu. Nimelinakili upya mara moja tu, nilipolimwagia chai. Mwanafunzi akiuliza kisichomo, namjibu, "Tutafika huko." Hatujawahi kufika.

Unaponiita Mwalimu mbele za watu najisikia vizuri, sikatai. Lakini nitajie kitu kimoja nilichowahi kukitengeneza. Mlango wa kabati langu la nguo umening'inia tangu nilipohamia nyumba hii, nami nimejifunza kuufungua kwa goti. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natengeneza magari ya makopo, unakumbuka? Nimejiuliza yule mtoto alikwenda wapi, na kila nikijiuliza nakosa raha siku nzima.

Kichwa cha binti yako kina fujo, na fujo hiyo ndiyo inayomfanyia kazi. Huku tutampangia kila kitu mahali pake, na sijui kama atakuta tena alichokuwa anakitafuta.

Mdogo wako,
Mwalimu


Nyumbani, 25 Januari

Mwalimu,

Nimekusoma, nimekuelewa, na nimekasirika. Huo ni wivu, na kama si wivu basi ni uvivu, maana unaogopa kufundisha mtoto atakayekuuliza maswali.

Mimi niliacha shule ili mmoja wetu aendelee, na aliyeendelea ni wewe. Sikusimangi. Ila leo umeshiba, unamwambia mwenye njaa kwamba chakula hakina ladha. Mikono yangu imeliwa na sabuni mpaka nikishika kitambaa laini kinanasa. Mwanangu hatafua mashuka ya watu. Atakaa ofisini, atachora hivyo vitu vyenu, na mvua ikinyesha atafunga dirisha.

Anapanda basi Jumatatu. Mpokee stendi. Na huo mlango wa kabati utengeneze, mtoto asije akauona, ni aibu.

Dada yako,
Dobi


Bwenini, 20 Februari

Mama Dobi wangu mwenye povu,

Shikamoo! Niko hai, nimeshiba, na nimeshaandikwa jina kwa makosa. Kosa lenyewe: nilifunua nailoni ya mashine moja karakanani nione ina nini chini. Mtunza stoo alipiga kelele utafikiri nimemfunua yeye. Mashine nzuri hiyo, Mama, bado ina mafuta ya kiwandani. Maskini, inangoja kazi kama bibi harusi aliyesahaulika.

Mjomba darasani ni mtu mwingine kabisa. Nyumbani kwake anachekesha, ana mlango anaufungua kwa goti (nimeutengeneza, ilikuwa skrubu moja tu, akanitazama kama nimefufua mtu). Darasani ananiita "wewe wa nyuma". Nikinyoosha mkono darasa zima linaguna. Jirani yangu wa kitanda, tunamwita Kasuku kwa sababu anakariri akiwa amelala, ameniomba nipunguze maswali kwani yanawachelewesha kunakili.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililokuandikia. Huku tunaanika nguo ndani ya bweni. Juzi nilijilaza sakafuni kutafuta kibanio changu chini ya kitanda, nikahisi hewa ya huko chini ni baridi na imelowa, mpaka mashavu yalinata. Nikapanda juu ya kitanda cha Kasuku, akagomba, lakini huko juu hewa ni kavu na ina joto! Nikapanda na kushuka mpaka wakasema nimerukwa na akili.

Mama, tulikuwa tunafukuza hewa isiyo na kosa. Hewa ya moto ikiingia kabatini inapanda, inanyonya maji kwenye mashuka, inapoa, inakuwa nzito, inashuka chini imechoka, kama wewe ukitoka kisimani na ndoo. Iliyolowa iko chini! Tukitoboa juu tunaitoa ile ambayo bado ina nguvu. Inatakiwa tutoboe chini kabisa, upande wa pili wa jiko, kisha bomba liizungushe hewa hiyo mpaka mdomoni mwa jiko. Moto una njaa ya hewa muda wote, basi uile hiyo mbovu. Kabati litajinyonya lenyewe.

Usiguse kitu! Naogopa utanitobolea mahali pasipo. Nitakuja likizo nitoboe mwenyewe, nataka kuona kwa macho yangu. Nimekuchorea hapa chini ili usifikiri natania. Silali kwa furaha.

Mwanao,
Chokochoko


Chuoni, 19 Aprili

Mpwa wangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu anayekaa ng'ambo ya uwanja. Nikikuita ofisini watasema nakupendelea, na hili siwezi kulisema nikikutazama usoni.

Karatasi za mtihani zina namba tu, hilo unalijua. Swali la nne lilitaka mchore chumba cha kukaushia mbao na kuonyesha tundu la kutolea hewa. Mwongozo wa kusahihisha unasema: juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Nilisahihisha rundo zima, wote wameweka juu, kalamu inateleza. Nikafika kwa mmoja ameweka chini. Nikapiga mkasi mwekundu wa kosa karatasi nzima. Zaidi ya hapo, nilicheka. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu, naye akacheka, tukasema hawa watoto wa siku hizi. Alama zikapelekwa kwa mkuu wa chuo. Jioni, nilipokuwa nafunga mafurushi, nikaona pembeni ya mchoro ule kuna beseni dogo na vibanio vya nguo. Nikakaa chini.

Swali hilo lilikuwa na alama nyingi kuliko yote. Umefeli muhula. Ukifeli tena unarudishwa nyumbani, kanuni ndivyo zilivyo, na unajua mama yako amekutegemea vipi.

Nimejaribu kufikiria kama uko sahihi. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakoniumiza. Nimefundisha kukausha miaka yote hii na sijawahi kukausha kitu chochote isipokuwa taulo langu. Niliwaza niende kwa mkuu wa chuo kumwambia mwongozo wetu pengine una kosa. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikarudi, kwa kuwa angeniuliza nimejuaje.

Kwa hiyo nakuomba kama mjomba, siyo kama mwalimu. Andika juu. Moyoni amini unavyotaka, karatasini andika juu. Likizo usiende nyumbani, baki hapa, kila Jumamosi nitakupitisha kwenye majibu yote, moja baada ya jingine, mpaka uyajue.

Mjomba wako


Bwenini, 21 Aprili

Mjomba,

Nimepokea. Niliisoma chooni, ndiyo sehemu pekee ambapo Kasuku hanifuati.

Unajua kilichoniuma? Siyo mkasi mwekundu. Ni kwamba wewe na mwenzako mlicheka, halafu hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kama mbao zingekauka.

Nitaandika juu. Nitabaki likizo. Mama asijue nimefeli, tafadhali, atasema ni mikosi yake. Mwambie nina masomo ya ziada, na huo hautakuwa uongo.

Ila naogopa kitu kimoja. Unasema niamini moyoni jingine na karatasini jingine. Mimi sina vichwa viwili. Nikilirudia hilo jibu lenu kila Jumamosi nitaanza kuliamini, na nikishaliamini sitajua kama nimeliamini. Ukiniona nimefikia hapo, nistue.

Chokochoko


Nyumbani, 14 Mei

Mdogo wangu,

Mvua huku zinashuka kama zimelipwa. Paa la jirani limevuja, barabara imekuwa tope tupu, watu wanatembea wameshika viatu mkononi. Na mimi? Mimi naimba. Usiniulize kwa nini, nina jambo langu hapa nimelificha, na atakayeliona wa kwanza ni mwanangu akija likizo. Nataka nimwone atakavyoshika kinywa.

Sasa nasikia haji. Masomo ya ziada! Nilinuna, kisha nikajivunia. Wangapi wanaopewa cha ziada? Nimewatangazia majirani wote, na mmoja ambaye mwanawe hakuchaguliwa amehamisha kamba yake mbali na yangu. Shauri yake.

Ila barua za mtoto zimekuwa fupi. Zamani alikuwa anaandika mpaka pembezoni, sasa ni "mimi mzima, masomo yanaendelea". Anakula? Kuna mtu amemuudhi? Niambie ukweli, wewe ndiye jicho langu huko.

Dada yako,
Dobi


Chuoni, 2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Anakula vizuri na hakuna aliyemuudhi.

Tunasoma kila Jumamosi ofisini kwangu. Siku za mwanzo alikuwa anabisha, nami namwambia tusonge mbele. Akawa anaguna tu. Jumamosi iliyopita tulimaliza mada nzima hajauliza swali hata moja, aliandika kila nilichosema, na mwandiko wake umekuwa mzuri sana, ungefurahi kuuona. Walimu wenzangu wanamsifu kwamba ametulia.

Atafaulu, hilo nakuhakikishia.

Mdogo wako,
Mwalimu


Bwenini, 18 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya kama mimi nilivyo huku. Dhumuni la kukuandikia ni kukujulisha kwamba matokeo ya mtihani yametoka, nami nimekuwa wa kwanza katika darasa letu. Mkuu wa chuo alinipongeza mbele ya wanafunzi wote.

Pili, napenda kusahihisha jambo. Mwezi wa Februari nilikuandikia kwamba kabati litobolewe chini. Hilo lilikuwa kosa la mtu ambaye bado hajasoma. Hewa ya moto hupanda juu. Kwa sababu hiyo, tundu la kutolea hewa huwekwa juu. Jibu hili limethibitishwa. Iwapo kuna tundu lolote sehemu ya chini, lizibwe. Nimeambatanisha mchoro sahihi pamoja na majina ya sehemu zote.

Samahani kwa usumbufu niliokupa kwa utoto wangu. Wasalimie majirani.

Ni mimi binti yako mtiifu,
Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza


Nyumbani, 30 Oktoba

Mdogo wangu Mwalimu,

Barua ya mwanangu nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika. "Dhumuni la kukuandikia"! "Nimeambatanisha"! Nimewasomea wateja, nimewasomea wauza mkaa, hata waliokuja kuuliza njia hawakuondoka kabla ya kusikia. Kweli sasa mtoto amesoma. Nisamehe nilivyokuita mwenye wivu. Umenifanyia jambo ambalo sitakulipa nikiwa hai.

Sasa nikuambie ile siri yangu, ucheke ujinga wa dada yako. Unakumbuka alinichorea nitoboe chini, akanikataza nisiguse? Sikuweza kungoja. Siku ileile barua ilipofika nilimwita seremala, akatoboa chini kabisa kama kwenye mchoro, tukazungusha bomba mpaka mdomoni mwa jiko. Mwalimu, sikuona tone. Mvua zote zile za masika mashuka yalitoka makavu, yana joto, ukiyaweka shavuni unasikia usingizi. Mwenye nyumba ya wageni akaniongezea mapazia na vitambaa vya meza. Nikawa nangoja likizo nimwonyeshe mtoto.

Ndipo ikaja barua kwamba ni kosa. Nilikaa nikalitazama lile kabati nikajionea aibu. Sisi tusiosoma tukishika shuka tukaona limekauka, tunadhani limekauka. Kumbe kuna namna sahihi ya kukauka. Nikamwita seremala yuleyule, akaziba chini kwa ubao na gundi, akatoboa juu kama mchoro mpya unavyoagiza. Mchoro wenyewe nimeubandika ukutani, una mistari iliyonyooka, unapendeza.

Mvua zimeanza tena. Nguo hazikauki. Joto linatokea juu, mashuka yanabaki yamenuna. Nimeongeza kuni, nikaunguza bomba. Wiki iliyopita mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, akanusa shuka mbele yangu, akaondoka na mzigo wote, na mapazia. Nimebaki na sare za majirani wawili.

Simlaumu mtu, najua kosa ni langu, kuna kipimo nimekosea. Labda tundu la juu limekuwa dogo. Muulize mtoto kwa ujanja, usimwambie kazi imeondoka, asije akapoteza masomo kwa ajili yangu.

Dada yako,
Dobi


Chuoni, 12 Novemba

Mpwa wangu,

Nakuandikia kutoka ng'ambo ya uwanja tena. Niliwahi kukusubiri nje ya darasa ukaniamkia vizuri, ukasimama wima, ukangoja niseme, nami nikashindwa.

Mama yako alitoboa chini. Hakungoja likizo. Alifuata mchoro wako wa Februari, ule wenye mwandiko mbaya, na masika yote mashuka yalikauka. Ulikuwa sahihi. Nimeisoma barua yake nikalia kama mtoto, na sioni haya kukwambia. Wakati mimi nakupigia mkasi mwekundu, nguo zilikuwa zinakauka.

Ulipomwandikia alizibe tundu hilo, akaliziba. Sasa inanyesha, nguo hazikauki, na nyumba ya wageni imemwondolea kazi. Alinikataza nisikwambie. Nimemwandikia azibue chini. Amenijibu mstari mmoja tu: "Mpaka mwanangu aliyesoma aseme." Mimi nimekuwa mwenye wivu tena.

Hakuna mwingine anayeweza kumwokoa. Chukua karatasi umwandikie neno moja, zibua. Usieleze, usichore, usiambatanishe kitu. Mwandikie leo, awahi kabla mwenye nyumba ya wageni hajamzoea dobi mwingine.

Uliniambia nikikuona umefikia hapo nikustue. Nilikuona tangu Juni. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unafaulu, na kufaulu kwako kulinifurahisha. Nakustua sasa. Chokochoko, upo?

Mjomba wako


Bwenini, 15 Novemba

Mheshimiwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 12 Novemba nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Nimesikitika sana kusikia hali ya mama, na nimepanga kumwandikia barua ya kumfariji mara baada ya mitihani.

Kuhusu kuzibua tundu la chini, nimepitia daftari lote ulilotufundisha na sikukuta mahali panapoliruhusu. Mama hana vipimo. Hakuandika joto lilikuwa kiasi gani wala unyevu kiasi gani. Inawezekana masika yaliyopita mvua hazikuwa kubwa kama anavyokumbuka, au mashuka yalikuwa mepesi. Kukauka kwa nguo peke yake hakuthibitishi jambo. Mimi pia niliwahi kufikiri hivyo nilipokuwa sijasoma, na ninakushukuru wewe kwa kunivumilia kila Jumamosi mpaka nikaelewa.

Kwa hiyo sitaweza kumwandikia mama neno hilo, kwa sababu ningekuwa namfundisha kosa. Namshauri apanue tundu la juu, na ikiwezekana anunue mashine.

Nimeona umeandika kwa huzuni, Mjomba. Huenda umechoka na kusahihisha. Upumzike.

Mwisho, naomba kuuliza jambo moja, nami ningeshukuru kupata jibu mapema ili nijipange. Haya uliyoyaandika kuhusu tundu la chini, yatakuwemo kwenye mtihani?

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mwanafunzi Bora wa Mwaka wa Kwanza